Ndago imeshinda jembe na dawa bustanini kwangu Nzuguni, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, Nzuguni, hatua 10 kwa 15. Mwaka juzi tulinunua lori moja la udongo mweusi tukaumwaga juu ya ule wetu mwekundu, na mboga zikakubali kweli. Lakini tangu hapo kuna majani membamba yanayong'aa yanaota kila mahali. Ukiyang'oa yanakatika, na chini kuna vijipunje vyeusi vyenye harufu kama ya dawa. Nimelima mara nne. Mwezi wa tano nikanunua dawa ya magugu, nikapiga mara mbili. Yalikauka nikashangilia, wiki ya tatu yakarudi. Jirani ananiambia nimwage chumvi. Kando ya uzio kuna ukoka, na njiani kuna mbigili zinazotoboa ndala za watoto. Jirani wa upande wa pili ana mizabibu. Tunategemea mchicha na chainizi za hapo, na maji yetu ni ya mgao, nikiyapata namwagilia bustani nzima kwa mpira kila jioni. Nimechoka. Nifanyeje? (Msomaji, Nzuguni, Dodoma, Agosti)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kazi. Mtu aliyelima eneo moja mara nne hawezi kuambiwa ni mvivu. Umepata gugu ambalo jembe linalizidisha, na hakuna aliyekuambia mapema. Wataalamu wa magugu duniani wanaliweka nambari moja kwa usumbufu, kwa hiyo hujashindwa na kitu kidogo.

Ila umeniandikia mwezi wa nane, na hapo umepatia. Watu wengi huniuliza habari ya ndago Januari, mvua ikiwa imekolea na bustani imeshafunikwa. Januari nakuwa na machache ya kumwambia mtu. Kwa mkoa wetu huu ndago inapigwa kiangazi, jua likiwa kali na ardhi haipati tone la maji isipokuwa lile unalolimwaga wewe.

Kwanza uwe na uhakika kwamba ni ndago. Chukua shina moja ulisokote kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Shina la nyasi za kawaida ni la mviringo, linabiringika bila kukwama. Shina la ndago lina pembe tatu, utazisikia kingo zake zikipita moja baada ya nyingine. Ikitoa suke, litakuwa la hudhurungi inayoelekea zambarau. Ndago hiyo ina ndugu yake mwenye suke la manjano, ambaye viazi vyake ni vitamu na kila kimoja kinakaa peke yake mwisho wa mzizi. Wa kwako, kwa hiyo harufu uliyoitaja, ni yule wa viazi vichungu vilivyofuatana kama shanga. 

Niliposoma barua yako nilichukua mwiko wa fundi nikaenda nyuma ya nyumba yangu, mahali nilipoacha ndago kidogo makusudi kwa ajili ya kuwaonyesha vijana wa mafunzo. Nikachagua mche mmoja wenye majani matano, nikaanza kuukwangulia udongo pole pole, kama mtu anayefukua yai. Sentimita tatu chini kuna kitovu, kimevimba kama kitunguu kidogo. Hapo ndipo unapokatika ukivuta kwa mkono, na ndiyo maana mkononi unabaki na majani matupu. Kutoka kwenye kitovu unatoka uzi mweusi, mgumu kama waya wa redio. Nikaufuata. Baada ya urefu wa kidole nikakuta kiazi ukubwa wa punje ya karanga, cheusi, chenye manyoya manyoya. Uzi ukaendelea upande wa pili wa kiazi, ukazama, nikakuta kingine. Halafu kingine. Uzi ukagawanyika. Nilipofika kina cha kiganja kizima nikaacha kuchimba, nikiwa na viazi 11 vya mche mmoja ambao mtu akipita angeuona ni nyasi tu. Nikakata kimoja kwa kisu: ndani ni cheupe, kimejaa unga. Hiyo ndiyo ghala yake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Katika mnyororo ule, viazi vingi vimelala. Kile kilichochipua mbele ndicho kinachovizuia vya nyuma visiamke, na vinaweza kukaa hivyo muda mrefu vikisubiri. Ukipita na jembe ukakata uzi, kila kiazi kinabaki peke yake na hakuna tena wa kukizuia. Kinachipua. Mche mmoja uliokuwa nao Jumamosi, wiki mbili baadaye unakuwa na sita au saba, tena jembe limeshaisambaza hatua mbili huku na huku. Nimewahi kuona bustani ya taasisi moja hapa mjini ikipitishwa trekta dogo la mkono mara mbili masika, ili kumaliza ndago iliyokuwa kwenye kona moja tu. Mwaka uliofuata kona zote nne zilikuwa sawasawa.

Kwa hiyo kulima kwako mara nne, tena kwenye udongo ulioloa, halafu jioni unamwagilia, kulikuwa ni kuipanda. Sikulaumu, hata mimi nilifanya hivyohivyo nilipoanza kazi.

Udhaifu wake uko sehemu tatu, na mpango wangu wote umesimama hapo. Kiazi cha ndago hakivumilii kukauka: kikitolewa juu kikaanikwa kwenye jua kali, ndani ya wiki mbili hivi kinapoteza maji na hakiamki tena. Pili, kila mara kinapochipua kinakula akiba yake, na kinahitaji kama wiki tatu za majani mabichi kabla hakijaanza kuzaa viazi vipya. Ukikikata kabla ya hapo, kimetumia bila kuingiza. La tatu, kivuli. Ndago inapenda jua kuliko chochote, ikifunikwa inadhoofika.

Jua la Dodoma unalijua. Kuanzia Mei hadi Novemba hatupati mvua ya maana, na upepo unakausha hata nguo nzito kwa saa moja. Mkulima wa Bukoba hana silaha hii, mvua zinamwandama karibu mwaka mzima. Sisi tunayo zaidi ya miezi sita kila mwaka, halafu tunaipoteza kwa kumwagilia ardhi nzima ili mboga chache zinywe. Bustanini kwako kiangazi mvua ni wewe. Gugu lolote lililo hai hapo mwezi wa tisa limenyweshwa na mpira wako.

Nenda hivi. Gawa bustani mafungu mawili. Fungu moja, lile lenye ndago nyingi zaidi, litoe kwenye mboga kuanzia wiki hii. Lichimbe mara moja, sasa, wakati bado lina unyevu wa maji uliyokuwa ukimwagilia. Usingoje likauke kwanza. Udongo wetu mwingi ukishakauka unashikana kama tofali. Kule Kongwa, Waingereza walipoleta matrekta kulima karanga mwaka 1947, moja ya mambo yaliyowashinda ni hilo: kiangazi kilipofika ardhi iligoma, karanga hazikung'oleka, na mwaka 1951 mradi wote ukaachwa. Wewe una jembe moja, usishindane na ardhi kavu.

Tumia jembe uma kama unaweza kuliazima, maana linainua bonge bila kukata kata nyuzi. Jembe la kawaida litafanya kazi ila uende taratibu, uzamishe hadi sentimita 20 au zaidi kidogo. Viazi vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, vichache vinazama zaidi. Geuza bonge, liache lilivyo, usilisawazishe kwa reki. Kesho yake, mabonge yakianza kukauka, yapige kwa mgongo wa jembe, viazi vitadondoka na nyuzi zake. Okota unavyoviona, tia kwenye ndoo. Vinavyobaki vianikwe hapo hapo. Kila wiki pindua tena juu juu, kwa sababu kilichojificha chini ya bonge hakijaonja jua. Fanya hivyo hadi katikati ya Oktoba. Na katika fungu hilo lisianguke hata tone la maji, si ya kuoshea vyombo, si ya kunawia mikono. Kiazi kilichokaribia kufa kikipata kikombe kimoja cha maji umekirudishia uhai.

Vya kwenye ndoo usivitupe jalalani wala kwenye lundo la mboji. Vianike juu ya bati au zege mpaka viwe vikavu kabisa, kisha vichome. Nguruwe pia wanaijua dawa yake, wanafukua na kutafuna viazi vya ndago kwa raha, ila mjini si kila mtaa utaruhusiwa kuwafuga.

Utajuaje kama vimekufa? Usikisie. Mwisho wa Septemba okota viazi 20 kutoka sehemu mbalimbali za fungu lile, vizike kwenye kopo lenye udongo safi, mwagilia, weka mahali penye joto. Baada ya wiki mbili hesabu. Vikichipua viwili au vitatu, kazi inakwenda. Vikichipua kumi, unapindua mara chache mno au kuna maji yanayoingia kutoka mahali. Mara nyingi ni bomba linalovuja au mtoto anayemwaga maji ya kuogea. Jaribio hili halina gharama na litakuondolea wasiwasi kuliko maneno yangu.

Halafu kuna chekeche. Kwa tuta moja au mawili unayoyapenda zaidi, azima kwa fundi ujenzi lile chekeche la kuchujia mchanga. Udongo ukikauka upitishe wote humo hadi kina cha sentimita 20. Mchanga na udongo vinapita, viazi vinabaki juu vikibiringika. Ni kazi ya mgongo, siwezi kukuficha. Mtu mmoja anamaliza tuta la hatua tatu kwa siku moja akiwa na chai ya kutosha. Lakini hilo tuta litakuwa lako kwelikweli, na ndilo nitakalotaka ulipande chainizi kwanza.

Chakula cha nyumbani kisikatike. Fungu la pili liendelee kukulisha, ila ubadilishe kumwagilia. Acha mpira wa kunyunyizia kila mahali. Tumia kopo, mwagia shinani mwa kila mche, njia za katikati zibaki kavu. Au toboa chupa za maji kwa sindano ya moto, zizike pembeni ya miche, zidondoshe maji taratibu. Kwa maji ya mgao utaona unapunguza ndoo nyingi pia. Mchicha kwa kuwa unapandwa kwa kumwaga mbegu, uhamishie kwenye viroba au gunia lenye udongo uliochekechwa, hapo ndago haiwezi kujichanganya nao. Kiangazi kijacho mafungu yabadilishane zamu.

Matandazo weka. Mabua ya mtama na uwele, maganda ya karanga, maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamua mafuta, vyote vinazuia magugu madogo yanayoota kwa mbegu na vinatunza unyevu. Ndago yenyewe itapenya, ncha yake ni kali kama sindano, inatoboa hata nailoni nyeusi. Kwa hiyo usitumie fedha kununua nailoni kwa ajili yake. Na kwa kuwa hapa kwetu mchwa hawalali, ujue matandazo yataliwa na utaongeza mara kwa mara. Yaweke mbali na ukuta wa nyumba na mbali na mashina ya miembe michanga, usije ukawaonyesha mchwa njia.

Mvua ikianza, mwisho wa Novemba au Desemba, ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri ya miezi minne. Wanaona ardhi safi, wanapanda siku hiyohiyo. Wewe vumilia. Acha mvua za kwanza ziamshe viazi vilivyobaki. Vitachipua kwa pamoja, utaviona vizuri kwa sababu hakuna kingine. Siku ya 10 hadi ya 14, pita na kijembe ukate chini kidogo ya uso wa udongo, sentimita mbili tatu, usizamishe. Baada ya hapo panda, na upande kwa kubananisha: kunde, fiwi au maboga, chochote kinachotambaa na kufunika ardhi upesi. Viazi vitamu navyo vinafunika vizuri, lakini ndago ina tabia ya kuchomeka ncha zake ndani ya kiazi kikaoza, kwa hiyo mwaka wa kwanza nisingekushauri. Kunde utakula majani yake wiki ya tatu, na chini yake ndago itakuwa imenyooka, nyembamba, ya manjano, inatafuta jua isilipate.

Kisha chagua siku. Ukisema utapalilia "nikipata nafasi", nafasi haitapatikana. Sema Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kabla jua halijapanda, hadi mwisho wa Aprili. Siku 14 ziko chini ya zile wiki tatu nilizokuambia. Ukirusha zamu moja, zile ulizozikosa zimeshaanza kutunga viazi vipya na umerudi nyuma mwezi mzima. Ukizifuata zote, kila mkato unavimaliza nguvu, na utaona majani yanayorudi ni membamba kuliko ya zamu iliyopita. Uzoefu wangu ni kwamba mwaka wa kwanza unaondoa sehemu kubwa, wa pili unabaki na vichipukizi vya kuokota kwa mkono. Anayekuahidi mwezi mmoja anataka kukuuzia kitu.

Nikirudi kwenye dawa. Uliyonunua, kwa maelezo yako ya majani kukauka yote pole pole, naamini ni ya glaifoseti, ndiyo inayouzwa zaidi kwenye maduka ya pembejeo. Hiyo huingia kwa jani ikashuka na utomvu hadi mizizini. Inaua kiazi kinacholisha majani yale. Vilivyolala havipeleki majani juu, kwa hiyo haivifikii, na ndivyo vilivyokurudia wiki ya tatu. Isitoshe, jani lenye vumbi au lenye kiu halinywi dawa. Mei mvua zimekwisha na vumbi limeanza, ulipiga wakati mbaya. Na kama ulichanganya na maji yenye tope, udongo ulio ndani ya maji hayo umeishika dawa kabla haijafika kwenye jani.

Sikukatazi kabisa. Kwa bustani ya kula nyumbani, hatua 10 kwa 15, mimi nisingeitumia, kwa sababu jua na jembe vinatosha na watoto wanacheza humo. Mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za nchi kadhaa hazikukubaliana nayo, na mjadala unaendelea. Ukiamua kuitumia pembezoni mwa uzio, nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Usikubali iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kama ni rahisi. Huijui ni nini, na chupa ile siku moja itashikwa na mtoto mwenye kiu. Vaa glavu, buti na barakoa, fuata kipimo cha lebo, tumia maji safi, piga asubuhi kabla ya upepo.

Upepo ndio unaonitia hofu zaidi kwako, kwa sababu ya jirani yako. Mizabibu ni myepesi mno kudhurika na dawa hizi. Ipo moja inaitwa 2,4-D, wengi wanaitumia kwenye mahindi na mtama kuua magugu ya majani mapana. Ndago haitaimaliza, lakini ukungu wake ukipeperuka hadi kwenye mzabibu majani yanajikunja kama feni, vikonyo vinapinda, na mavuno ya mwaka yanaweza kwenda. Dodoma ndiyo nyumbani kwa zabibu za nchi hii. Usiipige 2,4-D karibu na zabibu za mtu, hata siku inayoonekana imetulia.

Chumvi hapana. Mwambie jirani yako nimesema hapana, kwa heshima. Chumvi haiozi wala haiishi nguvu. Inaondoka tu ikisukumwa chini na maji mengi, na sisi mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 600. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi yake tayari, ardhi haihitaji kuongezewa. Ukiimwaga, mchicha utakuwa wa kwanza kufa na ndago ya mwisho. Oili chafu ya gari nayo iache huko huko gereji.

Ukoka wa kwenye uzio ni rahisi kidogo. Unatambaa juu na chini, kila kifundo kikiguswa na unyevu kinatoa mizizi, kwa hiyo kanuni ni ileile: ufukue sasa, ukusanye kamba zake zote uzianike, usizikatekate. Baada ya hapo chimba mtaro mwembamba wa kina cha sentimita 30 kati ya uzio na bustani, uuache mtupu, upite kila mwezi ukate zinazochungulia. Ukisimamisha mabati chakavu ndani ya mtaro ni bora zaidi.

Mbigili haina kiazi. Ni mmea wa msimu mmoja, una mzizi mmoja unaoshuka wima, ukiukata chini ya shingo umekufa. Kinachosumbua ni miiba, kwa sababu ile miiba ndiyo mbegu: kila tunda linapasuka vipande vitano, kila kipande kina mbegu kadhaa, na zinaweza kungoja ardhini miaka. Ukiona maua madogo ya manjano umebakiwa na siku chache, ng'oa siku hiyo. Zilizokwisha kudondoka, chukua kipande cha gunia au zulia kuukuu, kiburute njiani kwa uzito wa jiwe. Vitanasa vyenyewe. Kisha choma gunia lile.

Si kila kinachoota chenyewe ni adui. Mvua zikianza utaona mchicha pori, mgagani na mlenda vikijitokeza, na wewe ni mtu wa Dodoma, hujahitaji mimi nikuambie mlenda unavyokaa na ugali wa uwele. Vichume vikiwa vichanga, kabla havijatoa mbegu, hapo umepalilia na umepika. Ila visiwe vya mahali palipopigwa dawa wala karibu na maji ya choo.

La mwisho ni lile lori. Ndago yako haikuzaliwa Nzuguni, ililetwa na udongo mweusi, yawezekana umechimbwa bondeni palipokuwa panalimwa mboga. Mbegu zake zinaota kwa nadra, husafiri kwa viazi, ndani ya udongo, mchanga, na miche ya kwenye viroba. Siku nyingine kabla hujalipia, omba ndoo moja ya udongo huo, mwagilia, ngoja wiki mbili uone kinachoota. Mwenye lori akikataa, mwache aende na udongo wake. Samadi nayo ya zizini usiitie mbichi, maana mbegu za magugu zinapita tumboni mwa ng'ombe na mbuzi zikiwa hai. Irundike hadi kifuani, iloweshe, igeuze kila baada ya wiki mbili kwa miezi miwili au mitatu. Ukichomeka fimbo katikati ukaitoa ikakuunguza mkono, joto hilo linaua mbegu nyingi.

Na chekeche la fundi, kabla hujalirudisha, likung'ute juu ya turubai, upitishe brashi kwenye nyavu zote, na jembe uma vilevile. Kiazi kimoja kikinasa kwenye kona ya chekeche, kitafika kwenye mchanga wa nyumba ya mtu mwingine.